Goti la Mama Mkwe

Mabanga, Bungoma
6 Januari 2025

Kwa Baba Kui,

Mulembe. Natumaini wewe, Nasike na mjukuu wangu Kui mmeamka salama huko Kitale. Sisi tuko.

Nakuandikia barua kwa sababu mbili. Ya kwanza, simu yangu hukaa na mwanangu Wabwile zaidi ya inavyokaa nami. Ya pili, unajua kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mkono wala hawakai chumba kimoja, na mimi sauti yako ikiingia sikioni naihesabu kuwa tumekaa chumba kimoja. Karatasi haina shida hiyo. Nimeshika chaki miaka thelathini na moja, kwa hivyo nadhani bado naweza kujaza ukurasa bila makosa.

Ni goti. La kulia. Lina miaka miwili sasa. Nikitembea tambarare linanyamaza. Nikishuka kwenda mtoni, au ibada ikirefuka kanisani kisha niambiwe nisimame, au nikichuchumaa, linauma kwa mbele, chini ya kile kifupa kinachochezacheza.

Wakati wa Krismasi shemeji yako Wabwile aliita kikao. Anataka kuikodisha ekari yangu kwa watu wa miwa miaka sita, ati kwa kuwa mimi siwezi tena kulima. Nilikataa. Tukavutana mpaka chai ikapoa, tukaishia hapa: mvua ya Machi ikifika, nikipanda ekari ile mwenyewe, nikiinama, nikichuchumaa na kuinuka bila kushikwa na mtu, shamba linabaki kwangu. Nikishindwa, ni miwa. Hiyo ekari ndiyo aliyoniachia marehemu baba yake Nasike. Nimewaona wajane wenzangu waliowekewa kiti barazani wapumzike. Hawakupumzika, walikufa, na siko tayari.

Wabwile anasema kuna mtaalamu aliyemwambia kuwa goti la mwanamke wa miaka sitini na mitatu halirudi shambani. Hakumtaja jina. Wewe kazi yako ni viungo vya watu. Unasemaje?

Naomba unisaidie, lakini usije. Mkwe hashiki mkono wa mama mkwe, sembuse mguu.

Mimi,
Rosaline Nakhungu


Kitale
15 Januari 2025

Mama mheshimiwa,

Nasike na Kui wanakusalimu. Asante kwa kufika jana kupimwa. Kama ulivyotaka, nilitoka kliniki kabla hujaingia, nikakaa kwenye duka la mbegu ng'ambo ya barabara mpaka Chelimo aliponipigia kuwa umeondoka. Chelimo ni fizio mwenzangu na kazi yake ni safi. Mimi nimeona karatasi ya vipimo tu.

Karatasi inasema hivi. Kile kifupa ulichokitaja huitwa pia ya goti. Huvutwa na misuli inayotoka juu, mmoja ukiwa upande wa nje na mwingine upande wa ndani. Vibandiko vyenye nyaya ambavyo Chelimo alikuwekea hunasa wakati msuli unapoamka. Kwako, unaposimama kutoka kitini, msuli wa nje huamka kwanza, na wa ndani huchelewa na ni dhaifu. Kwa hivyo kifupa huvutwa kando kidogo, kikasuguana mahali kisipostahili. Wanawake wenye maumivu ya aina hii ni wengi kuliko wanaume, na wengi wao tunawakuta hivyo. Niongeze kwamba wataalamu hawajakubaliana. Wapo wanawake ambao msuli huo huchelewa na hawaumwi, na pia maumivu yenyewe huweza kuulaza msuli. Hatujui vizuri ni lipi lililotangulia.

Mazoezi ni matatu, kila siku. Kwanza, keti mkekani, mguu ukiwa umenyooka, weka taulo iliyokunjwa chini ya goti na uibonyeze kuelekea chini ukihesabu hadi kumi. Pili, lala chali na uinue mguu ukiwa umenyooka, hadi kimo cha sufuria kubwa. Tatu, keti kwenye kiti na usimame polepole bila kutumia mikono. Ukiona shida yoyote, tafadhali niandikie.

Kuhusu mtaalamu wa Wabwile, siwezi kusema lolote kwa sasa.

Mwanao mtiifu,
Muchiri Gathii


Mabanga
29 Januari 2025

Kwa Baba Kui,

Mulembe. Mazoezi nafanya, wala sijaruka siku. Goti linaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu.

Jumamosi Wabwile alikuja na bwana mmoja wa miwa, wakapita shambani wakihesabu hatua kutoka ua hadi ua. Nilikuwa jikoni. Bwana yule aliniamkia kwa heshima sana, kwa hivyo najua ameshaanza kuiona ekari ile kama yake.

Usijisumbue kuhusu mimi. Msalimie Kui, umwambie nyanya yake anafanya mazoezi kama askari.

Mimi,
Rosaline Nakhungu


Mabanga
9 Februari 2025

Baba Kui,

Ningekupigia simu lakini Wabwile yuko hapa sebuleni na masikio yake yote mawili, kwa hivyo pokea barua, kama unavyopokea za mama mkwe wako.

Mama anakudanganya. Goti limevimba. Amelifunga leso ndani ya sketi ili watu wasilione, na nimeliona kwa sababu niliingia akioga. Nikamuuliza, "Mama, si ulimwandikia Baba Kui ati uko sawa?" Akanijibu, "Mtu hamlilii mkwe wake." Hiyo ndiyo sababu yote.

Kisha nikamwambia anionyeshe hayo mazoezi. Muchiri, mama anainua ule mguu mara mia mbili kwa siku. Mia mbili! Anabana pumzi, anaurusha kwa mgongo, analowa jasho kama mtu anayepasua kuni. Nikaweka mkono wangu juu ya paja lake akiwa katikati ya kazi hiyo. Limelala. Laini kama ugali ambao haujaiva. Nikamuuliza mbona hakazi paja. Akasema, "Baba Kui hakuandika nikaze kitu. Aliandika niinue mguu."

Nikaitafuta barua yako kwenye Biblia yake, nikaisoma mwanzo hadi mwisho. Kurasa mbili kuhusu msuli wa paja na hujalitaja paja hata mara moja! "Misuli inayotoka juu." Juu wapi, mbinguni? Wagonjwa wako wengine wote unawaambia waweke mkono pale, wausikie msuli ukikaza, ndipo wainue mguu. Nimekuona ukifanya hivyo miaka minane. Kwa mama umeruka hiyo hatua kwa sababu ya adabu, na yeye anaficha maumivu kwa sababu ya adabu. Mtaheshimiana nyinyi wawili mpaka mguu ukatwe.

Narudi Jumatano. Ukimwandikia kabla sijafika, andika kama fizio.

Nasike


Kitale
11 Februari 2025

Mama mheshimiwa,

Nasike ameniandikia. Naomba usimkasirikie.

Kosa ni langu. Nilikupa zoezi nikaacha nusu yake, kwa kuwa nusu hiyo ilihitaji niandike neno ambalo mkwe hamwandikii mama mkwe. Nimekaa na kalamu tangu jioni ya jana. Naomba radhi, na sasa naliandika: paja.

Pumzika siku nne. Funga kitambaa chenye maji baridi mara tatu kwa siku. Kisha anza upya namna hii. Keti mkekani, mguu umenyooka, taulo chini ya goti. Weka kiganja chako mwenyewe juu ya paja, vidole vinne juu ya pia ya goti, upande wa ndani. Hapo pana msuli wenye umbo la parachichi dogo. Ukaze bila kuusogeza mguu, mpaka uwe mgumu chini ya kiganja chako. Kiganja kisiposikia kitu, hakuna zoezi lililofanyika, hata ukirudia mara elfu. Ukishausikia ndipo uinue mguu. Mara kumi, pumzika, mara kumi, pumzika, mara kumi, basi. Mara mia mbili ni adhabu. Lala pia ubavu na uinue mguu wa juu kwa kando, kwa sababu nyonga ikilegea, paja hugeukia ndani na goti hufuata. Na maumivu yakizidi, niandikie kwamba yamezidi.

Kuna jambo la pili. Mtaalamu aliyezungumza na Wabwile ni mimi. Alinipigia Novemba, saa ya chakula cha mchana. Aliuliza kama mama wa umri wako mwenye goti bovu anaweza kurudi shambani. Nikasema, "Mara nyingi hapana, bana." Nilikuwa sijaona goti wala karatasi. Nilikuwa nakula. Ulipouliza Januari nilikwepa, kwa kuwa niliona aibu. Bado naiona.

Muchiri


Mabanga
19 Februari 2025

Kwa Baba Kui,

Mulembe. Neno lako nimelisoma. Sikufa.

La mtaalamu nilijua. Siku ile ya Novemba Wabwile alikuwa ameweka simu kwenye spika, nami nilikuwa hatua tatu kutoka kwake nikichambua maharagwe. Nilisikia hata ukitafuna. Nilikasirika wiki tatu nzima. Nasike alipokuja Desemba na zile ndizi ulizonitumia, niliwapa majirani.

Wako mafizio wengine, hata hapa Bungoma mjini wapo. Nilikuandikia wewe kwa sababu wewe ndiwe uliyesema hapana, na nilitaka uwe wewe utakayeona. Ndiyo maana pia nilificha uvimbe. Nilijiambia kwamba ukijua, utasema, "Si nilisema?" Hapo heshima haikuwa peke yake, kiburi pia kilikuwepo. Nasike hilo hakuliona.

Sasa zoezi. Nimepumzika siku nne kama ulivyoagiza, uvimbe umeshuka. Siku ya kwanza kiganja hakikusikia kitu. Siku ya pili hivyo hivyo, nikakaa pale mkekani nikiuamrisha mguu wangu kama mwanafunzi mtoro. Leo asubuhi umecheza. Kidogo sana, kama mtoto anavyocheza tumboni mara ya kwanza, mama asijue kama ni yeye au ni upepo. Nikatulia, nikaujaribu tena, ukacheza tena. Nilifurahi, Baba Kui. Nilicheka peke yangu.

Nina ombi moja. Mwandikie Wabwile kwamba ulisema bila kuona. Neno lako ndilo analolitembeza kwa wajomba na kwa wazee wa kanisa. Mimi nikilipinga ni mama mzee mbishi. Wewe uliyelitoa ndiwe wa kulirudisha.

Mimi,
Rosaline Nakhungu


Kitale
10 Machi 2025

Mama mheshimiwa,

Nilimwandikia Wabwile siku niliyopata barua yako. Alinipigia. Nitakuandikia alivyosema, bila kupunguza: "Bana, si wewe mwenyewe ulisema? Sasa ni mama amekuambia uandike. Wewe unaogopa mke wako." Nikamwambia nilikosea. Akasema nyinyi mlipatana mambo yaishie shambani, basi yaishie shambani. Nilijaribu tena Jumapili, hakushika simu. Nasikitika. Neno limenishinda kulirudisha.

Chelimo amenipa vipimo vya Alhamisi. Msuli wa ndani sasa unaamka karibu sawa na wa nje. Wiki saba zilizopita pengo lilikuwa kubwa, sasa anasema linaonekana ukilitafuta. Lakini nguvu ya paja la kulia bado ni kama theluthi mbili ya la kushoto. Paja hujengwa kwa miezi mitatu hivi, na wewe umelijenga sawasawa kwa chini ya mwezi mmoja.

Utauliza kama utaweza ekari nzima. Sijui, na safari hii sitakisia. Ninachojua ni hiki: gawa kazi kwa siku tatu, piga mistari siku kabla ya kupanda, beba mbolea kidogo kidogo, na usikae umechuchumaa zaidi ya dakika mbili. Kabla ya kuinuka, kaza paja kwanza.

Muchiri


Mabanga
30 Machi 2025

Kwa Baba Kui,

Mulembe. Mvua ilinyesha usiku wa Jumatatu tarehe ishirini na nne. Nilipanda Jumanne, Jumatano na Alhamisi.

Wabwile alileta kiti, akakiweka kwenye ua chini ya kivuli. Siku ya kwanza alikuwa akisoma simu. Siku ya pili aliiweka mfukoni. Nilipanda mahindi, na maharagwe katikati ya mistari, nikichota mbolea kwa kopo la mafuta ya Kimbo badala ya kubeba ndoo. Kila nilipotaka kuinuka nilikaza kwanza. Majirani walipita wakauliza mbona mwalimu anashika paja lake kila saa. Niliwaambia ni agizo la fizio. Sikusema fizio ni nani.

Alhamisi alasiri, ikiwa imebaki mistari sita, goti lilianza kuuma. Si kama zamani, ila liliuma. Nikakaa chini nikanyoosha mguu, nikahesabu kumi mara tatu, nikainuka. Mstari wa mwisho niliumaliza kabla ya saa kumi na moja. Hakuna mtu aliyenishika. Wabwile aliona.

Akaja mpaka nilipokuwa. Nilidhani atanipongeza. Akasema, "Mama, hii maneno ilikwisha. Nilisaini na watu wa miwa tarehe mbili Desemba."

Desemba, Baba Kui. Kabla ya kikao cha Krismasi. Kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Alipokubali masharti yangu alikuwa ameshasaini, akijua sitaweza, kwa kuwa wewe ulikuwa umemwambia sitaweza. Alidhani nitashindwa, mambo yaishe kimya, nisijue kamwe. Trekta inakuja katikati ya Aprili.

Nilirudi nyumbani nikaosha jembe. Nimelia siku mbili, na nakuandikia hivyo kwa sababu uliniagiza nikiumia niandike.

Rosaline Nakhungu


Kitale
2 Aprili 2025

Mama,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nasike ameisoma mara moja tu, akatoka nje.

Neno nililolisema nikitafuna chakula limesaini karatasi. Sina namna ya kulipamba. Shamba lina jina la marehemu, na mjane ana haki yake. Saini ya Wabwile peke yake haitoshi, na Nasike ameongea na wakili hapa mjini. Lakini mambo ya wakili huenda polepole, na trekta haisubiri.

Nitakuja Mabanga siku hiyo. Nitasimama barabarani nisiingie uani, ili nisivunje desturi. Naomba uniruhusu.

Muchiri


Mabanga
17 Aprili 2025

Kwa Baba Kui,

Mulembe. Asante kwa kutokuja, kama nilivyomtuma Nasike akuambie. Ungesimama barabarani, watu wangesema mkwe Mkikuyu amekuja kugombea shamba, na Wabwile angepata la kushika. Sasa nikupe habari.

Trekta ilifika Jumatatu saa tatu. Mahindi yalikuwa yamechomoza, yana majani matatu matatu. Mahali pengine hayakuota, kama kawaida, kwa hivyo nilikuwa shambani tangu asubuhi na kopo la mbegu nikijaza mapengo. Nilikuwa mstari wa kwanza karibu na lango. Dereva ni kijana wa mlimani anaitwa Rotich. Akasema, "Mama, toka kidogo nipite." Nikamwambia nina kazi, asubiri nimalize.

Nilichuchumaa, nikafukia mbegu, nikakaza, nikainuka. Nikasonga hatua mbili, nikachuchumaa. Sikumtukana mtu wala sikupiga nduru. Wewe uliniambia nisizidishe dakika mbili na sikuzidisha hata mara moja, ila mapengo yalikuwa mengi, na pale ambapo hapakuwa na pengo nilichuchumaa nikaangalia vizuri kama hakuna. Kila Rotich alipowasha injini nilikuwa mbele yake. Kufika saa tano alizima kabisa, akashuka, akaomba maji. Nikamwonyesha mtungi. Akasema, "Mama, mimi nimeambiwa tu huyu mama ni kiwete." Akampigia bosi wake, bosi akampigia Wabwile.

Wabwile alifika saa sita. Watu walikuwa wamejaa kwenye ua, na wale wazee wa kanisa aliowatembezea neno lako walikuwepo wawili. Alisimama akanitazama nikimaliza mstari wa nne na kuanza wa tano. Nadhani hakuwa amewahi kunitazama muda mrefu hivyo tangu awe mtu mzima. Siku zile tatu za kupanda alikuwa akitazama goti.

Kisha akamwambia Rotich, "Rudi tu, bana. Mimi ndiye nitaongea na hao watu." Rotich akasema, "Na hiyo karatasi yenu?" Wabwile akasema hiyo ni shida yake. Sijui ataitatua vipi, na sijamuuliza. Ni mtu mzima, aliisaini kwa kalamu yake.

Trekta ikarudi nyuma, ikaondoka. Mimi nilikuwa chini, mbegu mkononi. Miguu ilikuwa imechoka, yote miwili, na kwa mara ya kwanza siku hiyo niliogopa kwamba sitainuka mbele ya watu wote wale. Wabwile akaja kati ya mistari akikanyaga kwa uangalifu asiguse mahindi. Akainama, akanyoosha mkono. "Mama, nikushike?"

Nikamwambia asubiri kwanza. Nikaweka kiganja pajani, nikakaza, nikainuka peke yangu. Nilipokwisha kusimama wima nikampa mkono, kwa sababu ni mtoto wangu, tukaenda nyumbani.

Mimi,
Rosaline Nakhungu